The Last Seduction: Mahaba ya Hesabu Mbele ya Watazamaji wa Tanga

Mtu anayeisikia The Last Seduction ikitajwa kuwa filamu ya mahaba na taharuki hutarajia vitanda, mishumaa na miili, kisha damu kidogo mwishoni. Vitu hivyo vimo, lakini si ndivyo vilivyoifanya filamu hii ikumbukwe tangu ilipotoka mwaka 1994. Kilichoifanya ikumbukwe ni ulimi wa mwanamke mmoja. John Dahl aliyeiongoza na Steve Barancik aliyeiandika walimpa mhusika wao mkuu akili ya haraka, maneno makali na uso usiofichua anachokiwaza, kisha wakamwacha awazungushe wanaume mmoja baada ya mwingine. Hukumu yangu, ambayo baadhi ya watu niliotazama nao hapa Tanga waliikataa palepale, ni kwamba tamaa inayoonyeshwa humu ni ya mazungumzo kwanza na ya mwili baadaye, na kwamba uhaba wa fedha umeisaidia filamu kuliko ulivyoidhuru.

Bajeti yake inatajwa kuwa takriban dola milioni 2.5. Kwa mtayarishaji wa Dar es Salaam au wa Tanga hizo ni fedha za kuota, lakini kwa Marekani ya wakati ule zilikuwa kidogo mno. Basic Instinct, filamu ya aina hiyohiyo iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na nguvu ya wenye mitaji mikubwa, iligharimu karibu dola milioni 49. Filamu ya Dahl haikuanzia hata kwenye majumba ya sinema. Ilionyeshwa kwanza katika televisheni ya kulipia ya HBO, ndipo ikapelekwa kumbini, na utaratibu huo uliiponza, kwa sababu kanuni za tuzo za Oscar ziliifungia mlango filamu iliyotangulia kuonekana katika televisheni. Kwa hiyo Linda Fiorentino, mwigizaji wa nafasi kuu, hakuweza hata kufikiriwa. Wakosoaji wa filamu wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike wa mwaka huo, akapata pia Independent Spirit, ambayo ni tuzo ya filamu huru, na Waingereza wakamteua kuwania BAFTA. Nayataja haya mapema kwa sababu mmoja wa wageni wangu, alipoona picha iliyo juu ya kasha la diski, alidhani nimeleta zile kanda zinazouzwa chini ya meza, akataka kuondoka kabla ya kahawa kumiminwa.

Hadithi inaanzia New York. Bridget Gregory ni msimamizi wa wauzaji wa kwa njia ya simu, na anawaendesha wanaume walio chini yake kwa kejeli na noti za taslimu. Mumewe, Clay, anayeigizwa na Bill Pullman, ni daktari aliye mafunzoni ambaye anawauzia wahuni kokeini ya hospitali na kurudi nyumbani na dola 700,000. Mkewe anamkejeli kwa namna alivyozibeba fedha hizo barabarani. Clay anampiga kofi. Baadaye anaingia bafuni kuoga, na akitoka mke hayupo wala fedha hazipo, huku yeye akidaiwa na mkopeshaji wa riba ambaye huwakumbusha wadeni wake kwa kuwavunja vidole. Bridget anakimbia kwa gari kuelekea Chicago, anasimama katika mji mdogo wa kubuni uitwao Beston, karibu na Buffalo, na kwa ushauri wa mwanasheria wake anaamua kujificha hapo mpaka talaka ipatikane, maana chochote atakachokinunua kwa fedha zile mume anaweza kukidai. Anajiita Wendy Kroy, anapata kazi katika kampuni ya bima, na anampata Mike Swale, kijana wa mji ule aliyerudi kutoka Buffalo na ndoa iliyovunjika asiyotaka kuizungumza. Peter Berg ndiye anayemwigiza Mike. Yanayofuata sitayasimulia yote, kwa kuwa filamu ya taharuki iliyokwisha kusimuliwa ni nusu ya filamu. Naongeza tu kwamba wenyeji wa Tanga, mji wenye msemo wa "waja leo waondoka leo", walimwelewa upesi mgeni huyu aliyesimama kwa ajili ya mafuta ya gari akabaki.

Niliitazama nyumbani, Chumbageni, pamoja na watu wazima tupu, wanawake na wanaume: shangazi yangu ambaye kwa miaka mingi amekuwa somo wa mabinti wa mtaani kwetu, dereva wa malori ya masafa marefu, dada anayefanya kazi ya bima, kijana anayepiga na kuhariri video za harusi, na majirani wawili watatu. Sikufikiria kuipeleka kwenye banda la video. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipitiwe kwanza na Bodi ya Filamu na ipewe daraja, na hii ni ya watu wazima bila mjadala wowote. Sababu ya pili ni kwamba mfasiri wa bandani angeiua. Nimekulia katika enzi za Lufufu, mfasiri mashuhuri wa filamu za bandani, na ninawaheshimu sana wafasiri wetu, ambao waliweza kuzifanya filamu dhaifu zichangamke kuliko zilivyotengenezwa. Lakini humu ukimya wa Bridget ni sehemu ya maneno yake, na mtu akiujaza kwa utani wa mtaani hakuna kitakachobaki. Niliwafasiria wageni wangu kwa sauti ya chini pale tu walipouliza, na wengi hawakuuliza sana.

Onyesho la kwanza la baa ndilo la kulitazama kwa makini kuliko mengine. Bridget anaingia amevaa kimjini, akiwa mgeni wa wazi kabisa, anaagiza kinywaji kwa sauti ya amri, bila salamu wala tafadhali, na mhudumu anamfanya kama hayupo. Anarudia, bado hapewi. Mike, aliyekaa karibu na rafiki zake, anaagiza kinywaji kilekile kwa adabu ya kijijini, na kinaletwa mara moja. Mtazamaji anatarajia kwamba sasa mwanamke atalainika, amshukuru, na mapenzi yaanze. Bridget anachukua kinywaji na kumwonyesha Mike njia. Kijana, kwa kuona haya mbele ya wenzake, anajisifu kwa maumbile yake, na hapo ndipo Bridget anapomwita aketi na kulikagua dai hilo chini ya meza, kwa utulivu wa mnunuzi wa mbuzi anayefungua mdomo wa mnyama kuhesabu meno, huku akimhoji amekuwa na wanawake wangapi na kama ana mahali pake mwenyewe pa kulala. Hatuonyeshwi kitu. Tunaziona nyuso tu, moja ikihesabu na nyingine ikipoteza rangi, na kwa dakika chache hizo tumejulishwa nani atakuwa mnunuzi na nani bidhaa mpaka mwisho wa filamu.

Sebuleni wanaume walicheka kwanza, kisha wakaacha. Shangazi hakucheka kabisa. "Mwanangu, huyo kafundwa na nani?" aliniuliza. "Mwanamke humwita mwanamume kwa jicho, kwa udi, kwa namna ya kuitikia salamu. Huyo anatoa amri. Mie sioni mahaba hapo, naona biashara."

Maneno hayo yanatakiwa kupewa uzito, kwa kuwa aliyeyasema anatoka katika mji unaojisifia mahaba kiasi kwamba Watanzania wengine hututania kwamba mapenzi yalizaliwa huku. Watu wa rika la shangazi walikua na taarabu ya Black Star na ya Lucky Star, wakazoea kwamba neno la tamaa husemwa kwa fumbo, huvikwa asumini, na hufika kwa mlengwa baada ya kupita kwa watu watatu. Kwa kipimo hicho Bridget ameshindwa mtihani kabla ya kuuanza. Nilimjibu shangazi kwamba ndivyo ilivyokusudiwa: mtazamaji anatakiwa aone kwamba humu hakuna upendo hata chembe, kisha ajishangae kwa kuendelea kuvutwa. Hakuridhika. Hata hivyo, filamu ilipofika katikati, Bridget akiwa amebanwa na mtu mwenye bastola na bado anazungumza kama anayechagua kitambaa dukani, shangazi mwenyewe ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba sauti ya mwanamke yule haijapanda hata mara moja, na kwamba kwa hilo tu anamvulia ushungi.

Kitu kilichonishangaza zaidi katika jioni ile ni kwamba maonyesho ya faragha yalipita kwa ukimya wa kawaida wa watu wazima, lakini pai ilizusha kelele. Bridget yumo katika nyumba ya Mike baada ya usiku wao wa kwanza. Anakuta pai iliyotumwa na bibi yake Mike pamoja na maneno ya upendo, na anaizimia sigara. Ni kitendo cha sekunde chache, hakina muziki wa kukitangaza, na mwigizaji hata haangalii mkono wake. Chumba kizima kiliguna. Dereva alisema kwamba angekuwa yeye ndiye Mike, angemfungulia mgeni huyo mlango saa ileile, kwa kuwa mtu anayedharau chakula cha bibi yako hana litakalomshinda. Nadhani hapo mwandishi amefanya kazi ya hali ya juu, maana ametuonyesha ubaya kwa kitu ambacho hakikumgharimu mtayarishaji chochote zaidi ya pai moja na sigara moja, na ameuonyesha kwa namna inayoeleweka Beston na Ngamiani vilevile, bila tafsiri.

Kofi la Clay ndilo lililogawa chumba. Wanawake wote isipokuwa mmoja walishikilia kwamba hadithi nzima imejengwa juu yake, na kwamba mume aliyempiga mkewe usiku wa mafanikio yao hana haki ya kulalamika akikuta kabati tupu. Wanaume walijibu kwamba Bridget alikuwa amekwisha kuamua kuondoka na kofi lilimpa kisingizio tu. Filamu, kwa busara, haitoi jibu. Fiorentino anabaki ametulia, anamtazama mumewe kwa kitambo, na hatuwezi kusema kama katika kitambo hicho ameumia au amehesabu. Dada wa bima, ambaye kwa kawaida ni mpole, alisema jambo lililowanyamazisha wengine: kwamba mwanamke anaweza kuwa mwizi na bado akawa amepigwa, na kwamba watu wanataka lazima awe kimojawapo ili wajue wa kumhurumia. Nakubaliana naye, na ninaona kwamba waandishi wetu wengi wa filamu wangeharibu hapa kwa kumwongezea Bridget utoto wa mateso, mama wa kambo na machozi mbele ya kioo, ili tumsamehe. Barancik hakumpa historia hata kidogo. Hatujui alizaliwa wapi wala alilelewa na nani, na kutojua huko ndiko kunakomtisha mtazamaji.

Kutokana na hilo likazuka swali la bandani: steringi nani? Kijana wa video za harusi aliliuliza kwa mzaha, lakini lilitusumbua kwa kweli. Tumezoea kwamba steringi hafi, na kwamba adui hujulikana kwa sura yake tangu mwanzo. Hapa anayetuongoza, ambaye macho yake ndiyo tunayoyatumia kuona mji na watu wake, ndiye huyohuyo adui. Mike ana sura ya steringi, ana huruma ya steringi, lakini hajui hata yumo katika hadithi ya namna gani. Clay ni mkorofi, ila Pullman anamwigiza kwa ucheshi uliochoka unaotufanya tumpende kidogo, hasa anapozungumza na mkewe kwa simu na kila mmoja anajua mwenzake anadanganya na bado wanafurahia mchezo. Mazungumzo hayo ya simu ndiyo, kwa maoni yangu, maonyesho ya mahaba makali kuliko yote katika filamu, ingawa watu wawili hao wako mbali, kila mmoja na mwenzake. Ni mume na mke wanaojuana vizuri mno.

Juu ya Mike, wanaume walikuwa wakali kuliko wanawake. "Huyo kalishwa limbwata," alisema dereva, na alirudia kila Mike alipokubali jambo jipya. Jirani mmoja wa kike akamjibu, "Limbwata gani, kaka? Kaulizwa maswali, kajibu mwenyewe, kajifunga mwenyewe." Ukweli uko upande wa jirani. Filamu imegeuza mambo kwa namna ambayo inachekesha na kuuma kwa pamoja: Mike ndiye anayetaka kuitwa kwa jina, ndiye anayetaka waonekane pamoja mchana, ndiye anayelalamika kwamba anatumiwa kwa mwili wake tu, na Bridget ndiye anayevaa na kuondoka. Wanawake walicheka kwa sauti waliposikia malalamiko hayo yakitoka kinywani mwa mwanamume. Hawara hana talaka, akasema mmoja wao, na hiyo ni sheria ambayo Mike anajifunza kwa kuchelewa. Ninachomlaumu Barancik ni kwamba amemfanya kijana huyu awe mjinga kidogo kupita kiasi kinachohitajika. Mtu mwenye kazi ya kuchunguza madai ya bima, ambaye kila siku anasikia uongo wa watu waliochoma magari yao wenyewe, angepaswa kunusa harufu mapema.

Sehemu ya bima, ambayo niliogopa ingewachosha watu, ndiyo iliyosifiwa na aliyeijua. Bridget anagundua kwamba katika kumbukumbu za mikopo na matumizi ya mtu mnaweza kusomwa maisha yake ya siri: mume mwenye nyumba ndogo ana malipo yasiyolingana na nyumba moja. Kutoka hapo anaanza kumweleza Mike, mara kwa utani na mara kwa makini, namna ambavyo wake wa wanaume hao wangeweza kupigiwa simu na kuuziwa kifo cha waume zao. Dada wa bima alituambia kwamba kilichomtisha si mauaji bali ni lugha, kwa sababu Bridget anazungumza na wake hao kwa sauti ileile inayotumika kumwuzia mtu huduma ya kawaida: kumsifu kidogo, kumwuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo, kisha kumpa bei. Tangu onyesho la kwanza kule New York tumemwona akiwafunza wauzaji wake namna ya kufunga biashara, na filamu haijapoteza sekunde moja ya onyesho lile. Kila alichowaambia pale anakitumia baadaye kwa wanaume wanaomzunguka.

Nirudi kwenye fedha, kwa kuwa ndipo nilipotofautiana na kijana wa video. Yeye alisema filamu inaonekana ya televisheni, na ni kweli. Watu wako karibu na kamera, vyumba ni vichache, barabara za mji hazina watu, na hakuna onyesho hata moja la kumfanya mtazamaji ashike kichwa kwa ukubwa wake. Lakini tazama uhaba huo umetumikaje. Kwa kuwa hakuna fedha za kumfukuza Bridget kwa magari ishirini, anafukuzwa na mtu mmoja, ndani ya gari moja, na hatari yote inakaa katika kile ambacho watu wawili wanaambiana. Kwa kuwa hakuna jumba la kifahari, tamaa inapelekwa nyuma ya baa, kwenye uzio wa waya, katika onyesho ambalo limezungumzwa sana na ambalo halina starehe yoyote ndani yake: ni la haraka, la kusimama, na anayeliongoza ni mwanamke ambaye baada ya dakika chache hataki hata kuulizwa jina. Mpigapicha, Jeffrey Jur, amempa Bridget vivuli vya kutosha na nguo za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, katikati ya mji wenye rangi za sufu na mbao, na tunamwona kuwa si wa pale hata akiwa kwa mbali. Muziki wa Joseph Vitarelli ni wa jazi, wa besi inayotembea, na katika nusu ya kwanza unamfuata mwanamke huyu kwa ucheshi unaomfaa. Katika nusu ya pili nilitamani unyamaze zaidi, kwa sababu kuna mahali mtu anapotea kabisa na muziki bado unakonyeza jicho.

Kijana alipoyasikia hayo alikubali nusu, kisha akasema jambo kuhusu filamu zetu ambalo nimelisikia likisemwa na watayarishaji wengine pia. Fedha kidogo inayopatikana huku huishia katika kukodi gari la kifahari na nyumba ya ufukweni ili wahusika waonekane matajiri, na mswada huandikwa usiku mmoja. Kisha hadithi isiyotosha saa moja hugawanywa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. The Last Seduction ina dakika 110 tu, na ukijaribu kukata sentensi moja ya Bridget katika onyesho la kumi utagundua kwamba onyesho la arobaini halieleweki. Kwa mtu wa Tanga anayetaka kutengeneza filamu ya taharuki akiwa na kamera ya kuazima na vyumba viwili vya Makorora, hapa kuna jambo la kujifunza kuliko katika filamu yoyote ya helikopta.

Kasoro zake mbili ni nzito, na sitazifunika. Ya kwanza ni namna inavyomtumia Harlan, mpelelezi binafsi Mweusi anayetumwa na Clay, akiigizwa na Bill Nunn. Ni mtu makini, mcheshi, na kwa muda mfupi ndiye peke yake anayelingana na Bridget kwa akili. Kisha, wakiwa garini, Bridget anamchokoza kwa dhana chafu ya kale kuhusu miili ya wanaume Weusi, na mchokozo huo ndio unaokuwa mtego. Chumba chetu kilinyamaza kwa namna tofauti na ukimya wa awali. Naelewa kwamba filamu inajua inachokifanya: baadaye inatuonyesha askari wa mji ule wakiyamaliza mambo upesi kwa sababu ya ubaguzi wao wenyewe, na Bridget alikuwa amekwisha kuuweka ubaguzi huo katika hesabu zake. Lakini kumwonyesha mbaguzi na mjanja anayefaidika naye hakutoshi ikiwa anayeumia hapewi hata dakika mbili za kuwa mtu kamili. Dereva, ambaye hadi hapo alikuwa akimsifu Bridget kwa ujanja, hakumsifu tena.

Kasoro ya pili inahusu siri ya ndoa ya Mike kule Buffalo. Sitaitoboa, lakini niseme kwamba siri hiyo inamhusu mtu mwingine tunayemwona kwa muda mfupi sana, na filamu inamtumia mtu huyo kama kituko cha kuwashtua watazamaji, kisha inaigeuza aibu ya Mike kuwa ufunguo wa sehemu yote ya mwisho. Mwaka 1994 huenda watu walishtuka wakaridhika. Leo inaonekana kuwa njia ya mkato ya mwandishi ambaye kwingine kote hakuhitaji njia za mkato, na maneno yanayotamkwa katika onyesho la mwisho kwa sababu ya siri hiyo ni mazito, ya kikatili, na yamechanganywa na ukatili wa kimwili ambao si kila mtu ataweza kuuvumilia. Wanawake wawili waliondoka kwenda jikoni wakati huo, na walifanya vyema.

Mwisho wenyewe uliwaudhi wengi. Waliotaka haki walilalamika kwamba filamu ya namna hii ilipaswa kufungwa kwa pingu mikononi mwa anayestahili, na shangazi alisema kwamba hadithi zote alizosimuliwa utotoni zilimfikisha mjanja mahali akanaswa na ujanja wake. Mimi naona kwamba pingu zingekuwa uongo. Bridget anaacha kosa moja dogo, la kitu ambacho mtu hukipita mlangoni kila siku bila kukisoma, na dakika za mwisho zinamngojesha mtazamaji ajue kama kosa hilo litaonekana na mtu au halitaonekana. Ni taharuki iliyotengenezwa kwa kipande cha karatasi. Hapo sina lawama yoyote, ingawa nilibishana peke yangu.

Kwa anayetaka kuitafuta, atafute nakala halali yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwa kuwa wahusika wanazungumza haraka na nusu ya utamu imo katika majibu mafupi ambayo sikio lisilozoea litayapoteza. Aitazame kwenye skrini ya kutosha. Maonyesho mengi ni ya usiku na ya vyumba vyenye mwanga hafifu, na kwenye simu ya mkononi uso wa Fiorentino utakuwa doa jeupe tu, hali uso huo ndio filamu. Watoto wawe wamelala, na si kulala chumba cha pili chenye mlango wa pazia. Wachumba walio katika maandalizi ya harusi nawashauri waiache mpaka fungate ipite, na wanandoa wa siku nyingi waitazame wakiwa na uhakika kwamba hakuna ugomvi wa fedha uliobaki nyumbani, maana kwa majirani zangu mjadala wa kofi na kabati tupu uliendelea mpaka kwenye ngazi za nje, na asubuhi yake nilipompitia dereva kumpa diski aliyoomba kuiazima, mkewe alinipokea kwa swali moja tu: je, mie ningemtetea nani?